Kilele kisicho na njia mwishoni mwa majira ya baridi: panga kushuka kwanza

Swali: Nimetembea kwa viatu vya theluji (zile fremu pana zinazofungwa chini ya buti ili usizame) misimu kadhaa, lakini kwenye njia zilizokwisha kanyagwa na zenye alama tu. Sasa mimi na rafiki yangu tunataka kupanda kilele kidogo chenye msitu ambacho hakina njia kabisa, mwishoni mwa majira ya baridi. Kwenye ramani ni kama kilomita 4 kutoka barabarani, na mita 550 za kupanda. Kuna bonde lenye kijito linaloelekea moja kwa moja chini ya kilele, na kuna mgongo wa mlima unaozunguka na kurefusha safari kwa kilomita moja hivi. Tupite wapi? Tuondoke saa ngapi? Na kwa kuwa mlima wenyewe ni mdogo, kuna haja ya kuhofia maporomoko ya theluji? La mwisho: viatu vyangu ni virefu, vya theluji laini. Ninunue vingine?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na majibu mafupi. Piteni mgongoni, msipite bondeni. Saa 12 asubuhi muwe mmeshaanza kutembea, na ikifika saa 6 mchana geukeni, mmefika kileleni au hamjafika. Maporomoko ya theluji hayajali urefu wa mlima, yanajali mwinamo wake, kwa hiyo ndiyo, mna la kuangalia. Viatu nitavigusa mwishoni, maana ndilo jambo jepesi kuliko yote uliyouliza, ingawa nahisi ndilo linalokukosesha usingizi.

Sasa sababu. Watu wengi wanaopanga safari ya namna hii hupanga kupanda kwa makini sana, halafu kushuka kunaachwa kujipanga kwenyewe. Mwishoni mwa majira ya baridi fanya kinyume: anza na kushuka, kisha hesabu kurudi nyuma hadi saa ya kutoka nyumbani. Mlima mtakaoushuka mchana hautakuwa ule mlioupanda asubuhi. Ramani ni ileile, theluji ni nyingine.

Theluji iliyoanguka kwenye baridi kali ni nyepesi mno. Mita moja ya ujazo huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 tu, kwingine kote ni hewa. Ikikaa wiki kadhaa hujishindilia kwa uzito wake yenyewe, chembe zake hupoteza ncha na kushikana, na kufikia mwisho wa msimu mita hiyohiyo ya ujazo inaweza kufika kilo 300 au 400. Uzuri wa safari yenu uko hapo. Vichaka, magogo na mawe ambayo wakati wa kiangazi yangewachania suruali yamelala chini ya theluji iliyokomaa, nanyi mnapita juu. Vilele vingi vidogo vya msituni havina kipindi kizuri cha kupandwa kuliko hiki.

Lakini juu ya theluji hiyo kuna gamba, na gamba lina saa zake. Usiku anga likiwa safi, uso wa theluji hupoteza joto kuelekea angani na kuganda, wakati mwingine hata hewa yenyewe ikiwa nyuzi moja au mbili juu ya sifuri. Alfajiri unakuta sakafu: meno ya chuma chini ya kiatu yanalia kwaru kwaru na hakuna kinachozama. Jua likipanda, gamba linalegea kuanzia juu. Mwanzoni ni majimaji ya sentimita mbili tatu, ambayo hayana neno. Kisha, bila kukupigia hodi, linafika mahali ambapo haliwezi tena kukubeba. Mguu unazama hadi gotini pamoja na kiatu chake cha theluji, na ukiutoa unakuja na kilo kadhaa za theluji mbichi iliyong'ang'ania menoni. Kilomita moja ya kutembea hivyo inachosha kuliko kilomita nne za asubuhi.

Si miteremko yote inayolegea kwa wakati mmoja. Kwa aliye nusu ya kaskazini ya dunia, inayotazama mashariki hupigwa na jua mapema, inayotazama kusini hulegea sana, na inayotazama kaskazini inaweza kubaki migumu, au mikavu na laini, siku nzima. Basi unapoikodolea macho ramani, jiulize kipande cha mwisho cha kushuka, mkiwa mmechoka, kitakuwa upande gani wa jua.

Kwa sababu hiyo usiku wa kuamkia safari una uzito kuliko utabiri wa mchana. Mawingu yakitanda usiku kucha, joto halipati pa kutokea na gamba halijengeki. Jaribio lake ni rahisi. Mkifika mwisho wa barabara, kabla ya kuvaa viatu vya theluji, toka nje ya sehemu iliyokanyagwa usimame kwa mguu mmoja ukiwa na buti lako la kawaida. Ukibebwa, siku ni yenu. Ukizama hadi katikati ya muundi, mna saa chache. Ukizama hadi gotini na ni saa 12 asubuhi, nendeni mkatembee kwenye njia za kawaida, kilele mtakijaribu siku nyingine.

Kuhusu muda, kuna kanuni ya kale ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliyoiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia ya mgongoni, kilomita 5 na mita 550, inakupa karibu saa mbili. Usiifurahie. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima wa afya anayetembea ardhi isiyomsumbua. Kwenye theluji isiyo na njia mimi huzidisha mara mbili gamba likiwa zuri, na mara tatu theluji ikiwa laini na kazi ya kufungua njia ikiwa yenu. Mara mbili ni saa nne: mkianza saa 12 mtafika kileleni saa 4 asubuhi, au saa 4 na nusu mkipumzika. Mara tatu ni saa sita, yaani saa 6 mchana kamili. Hapo ndipo ninapoitoa ile saa ya kugeuka. Siku ikiwa mbaya kiasi kwamba saa 6 mchana bado hamjafika, basi kushuka nako kutakuwa kubaya, na mtahitaji kila dakika ya mwanga iliyobaki. Andikeni saa hiyo kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Mkiwa mita 80 chini ya kilele, na kilele kinaonekana, akili ya mtu hupata hoja nyingi sana za kuongeza nusu saa.

Umesema mko wawili. Mkipata wa tatu na wa nne mtakuwa salama zaidi, na hamtachoka sana. Anayetangulia kwenye theluji laini hufanya kazi ya wote. Baada ya dakika 10 hivi apige hatua pembeni, awapishe wenzake, ajiunge nyuma. Mkiwa wanne, kila mmoja anapata nusu saa ya kutembea kwenye njia iliyokwisha funguliwa kabla ya zamu yake kurudi. Na mtu akivunjika mguu, mmoja hubaki naye, wawili huenda kutafuta msaada. Mkiwa wawili, majeruhi hubaki peke yake kwenye baridi.

Sasa bonde. Naelewa kwa nini linakuvutia. Kwenye ramani ni mstari ulionyooka. Tatizo la kwanza ni kijito chenyewe. Wakati huu wa mwaka maji yameanza kutembea chini ya theluji na kuila kutoka chini, kwa hiyo daraja la theluji lililokubeba asubuhi likiwa limeganda linaweza kukumwaga majini mchana. Ukisikia maji chini ya miguu na huyaoni, uko juu ya paa. Tatizo la pili ni kwamba kingo za vijito ndiko vichaka vinakopenda kuota, na hewa baridi ya usiku hutulia hukohuko, hivyo theluji ya bondeni mara nyingi ni laini na ya kuzamisha. La tatu ndilo kubwa: bonde linaloishia chini ya kilele kwa kawaida huishia kwenye ukuta. Mtajikuta mna mita 150 za mwisho zenye mwinamo mkali, juu yenu kuna theluji yote iliyokusanywa na upepo, na chini yenu kuna mfereji mwembamba. Hata poromoko dogo likiteremkia mfereji wa namna hiyo halitawanyiki, linajaa.

Mgongo una faida zake. Upepo umeishindilia theluji, miti huwa haba au angalau ni mikubwa na yenye nafasi, na mnaona mlipo. Ila una tabia moja ambayo lazima uijue. Ukipanda, migongo yote midogo hukutana na kuwa mmoja, kwa hiyo hata ukikosea kidogo utafika juu. Ukishuka, mgongo mmoja hugawanyika kuwa miwili, mitatu, na yote inafanana ukiitazama kutoka juu. Watu wengi wanaopotea kwenye vilele vidogo hupotea wakishuka, kwenye njia panda waliyoipita asubuhi bila kuiona. Kila mgongo mwingine unapoungana na wenu, simameni, geukeni, mtazame nyuma. Angalia mti uliolala, jiwe linalojitokeza, umbo la uwazi. Weka alama kwenye simu au kifaa chako cha GPS, na ukipenda funga utepe kwenye tawi, ukiutoa mtakaposhuka.

Usijidanganye kwamba mtafuata nyayo zenu. Nyayo hukaa vizuri kwenye theluji laini, siku ambayo pengine msingepaswa kwenda mbali. Siku nzuri ya gamba gumu kiatu cha theluji huacha mikwaruzo midogo tu ya meno, na jua la saa 5 huifuta yote. Saa 6 mchana unageuka kutazama njia uliyokuja nayo na mbele yako kuna theluji safi, kama hakuna aliyepita.

Kwa hiyo dira na ramani ya karatasi viwemo, na mjue kuvitumia. Tofauti kati ya kaskazini ya ramani na kaskazini ya sumaku huandikwa pembeni mwa ramani. Kuna maeneo ambako ni ndogo isiyo na maana, na kuna maeneo ambako inazidi digrii 15. Kila digrii moja unayoikosa hukutupa mita 17 pembeni kwa kila kilomita. Digrii 15 ni zaidi ya mita 250, na katika msitu mnene hiyo inatosha kukushusha bonde lisilo lako. Simu ni chombo kizuri sana, ilimradi ramani ipakuliwe kabla na simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Ikikaa mfuko wa nje kwenye baridi inaweza kuzimika huku ikionyesha bado ina chaji.

Kuna mbinu moja ya zamani ninayoipenda kwa ajili ya kurudi barabarani. Mwaka 1931 rubani Mwingereza Francis Chichester aliruka peke yake kutoka New Zealand kwenda Australia, na njiani alihitaji kukipata kisiwa kidogo cha Norfolk katikati ya bahari. Hakukilenga. Alilenga kwa makusudi upande mmoja wake, ili wakati wa kugeuka ukifika ajue kwa hakika ageukie upande gani. Nanyi msililenge gari. Lengeni barabara, mita 300 kushoto kwa gari. Mkiifikia barabara hamtasimama kubishana, mtageuka kulia.

Tuje kwenye maporomoko. Mengi ya yale yanayobeba bamba zima la theluji huanzia kwenye mwinamo wa digrii 30 hadi 45, na karibu na digrii 38 ndiko yanakoanzia zaidi. Ukuta wa mita 15 juu ya kijito una mwinamo huo sawasawa na mlima wa mita 4,000, na theluji yake inatosha kabisa kumfunika mtu. Kwenye ramani ya 1:25,000 yenye kontua (mistari ya mwinuko) za kila mita 10, digrii 30 ni pale mistari 10 inapopandwa ndani ya milimita 7. Chukua rula, pitisha kwenye njia yote mliyoichora, na palipobana zaidi ya hapo pazungukeni. Tazama pia kilicho juu ya njia, maana unaweza kutembea kwenye digrii 15 na kufikiwa na kitu kilichoanzia kwenye digrii 35. Na ukumbuke kwamba genge la mita 8 linaweza kujificha lote kati ya kontua mbili.

Mkiwa mlimani, pimeni kwa fimbo zenu mbili. Zilinganisheni urefu. Laza moja juu ya theluji kufuata mteremko, ibonyeze iache alama, uone ilipoanzia juu na ilipoishia chini. Sasa rudisha ncha yake kwenye ile alama ya juu, inua mpini, na uushike pamoja na mpini wa fimbo ya pili, fimbo hiyo ya pili ikining'inia wima. Shusha mikono polepole mpaka ncha ya fimbo inayoning'inia iguse theluji. Ikigusa palepale kwenye alama ya chini, mwinamo ni digrii 30. Ikigusa chini zaidi ya alama, ni mkali kuliko hapo. Ikigusa juu ya alama, ni wa upole. Inachukua nusu dakika, na baada ya kufanya mara chache jicho nalo linaanza kuzoea. Jicho lisilozoea hukosea sana kuhusu mwinamo, hasa kwenye mwanga wa mawingu.

Panapotolewa taarifa ya hatari ya maporomoko, isome asubuhi hiyohiyo. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini hutumika ngazi tano, na watu huhadaika na namba 3 kwa kuwa iko katikati. Namba 3 si wastani, ni hatari kubwa kwa asiyejua anachokifanya. Mkiwa njiani, dalili za theluji mbichi ni mipira midogo ya theluji inayojiviringisha yenyewe kutoka chini ya miti na mawe ikiacha michirizi, na mguu unaoanza kuzama kupita kifundo. Theluji kavu nayo hutoa mngurumo wa kushuka, "vuum", na wakati mwingine unaona ufa ukikimbia mbele ya kiatu. Mkiusikia, rudini kwa njia mliyojia hadi kwenye mwinamo wa chini ya digrii 30 usio na kitu juu yake. Msitu husaidia ukiwa mnene. Miti michache iliyotawanyika haizuii kitu. Mtu aliyefunikwa ana nafasi nzuri ya kupona akichimbuliwa katika dakika 10 hadi 15 za mwanzo, baada ya hapo nafasi hiyo huporomoka haraka, na hakuna kikosi cha uokoaji kitakachofika ndani ya muda huo. Ndiyo maana wanaopita kwenye mwinamo mkali hubeba kila mmoja kifaa cha kurusha na kunasa mawimbi, fimbo ndefu ya kuchomeka na sepetu, na hufanya mazoezi navyo. Kwenu nyinyi, mlio mara ya kwanza, ushauri wangu ni kuchagua njia isiyohitaji vitu hivyo. Mgongo ulioutaja, ukipita kwenye jaribio la rula, ndio huo.

Hatari ambayo haiandikwi kwenye taarifa yoyote ni misonobari michanga. Matawi yake huizuia theluji isishindiliwe kuzunguka shina, kwa hiyo panabaki shimo lililofunikwa na paa jembamba. Mti wa mita mbili unaweza kuwa umefukiwa wote, na kinachoonekana ni ncha ya kijani ya urefu wa kidole. Ukikanyaga kando yake unadumbukia hadi kiunoni au zaidi, na kiatu cha theluji kinajikwamisha chini ya matawi. Usivute mguu kwa nguvu; ndivyo magoti yanavyoteguka na mikanda ya viatu inavyokatika. Tulia. Vua mkoba uuweke mbele yako, lala juu yake uutandaze uzito, kisha chimba kwa mkono au mwambie mwenzako achimbe mpaka kiatu kionekane, ukifungue ikibidi. Kila mkiona vincha vya kijani vimejipanga, zungukeni, hata kama ni mita 50. Nendeni kwenye miti mikubwa, au miti ya majani mapana iliyopukutika, huko theluji ni sawa na mnaona mbali. Mashada manene ya misonobari mara nyingi ndiyo makazi ya paa na kulungu mwisho wa baridi, wakiwa wamekonda na hawana nguvu ya kukimbizwa, hiyo nayo ni sababu ya kuyaacha.

Kumbuka vilevile kwamba mko juu ya mita moja au zaidi ya theluji. Matawi ambayo kiangazi yangekuwa juu ya kichwa sasa yako usawa wa macho. Vaa miwani tangu mwanzo, hata kabla ya jua. Jua likitoka itafanya kazi yake ya pili: theluji safi inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ile inayounguza, na macho yaliyoungua huanza kuuma saa kadhaa baadaye, kama yamejaa mchanga. Paka krimu ya kuzuia jua hadi chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua, kwa sababu miale inatoka chini.

Mavazi sitayazungumza sana, unayajua tayari. Pamba ibaki nyumbani. Anzeni mkisikia baridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto zuri, baada ya dakika 20 za kupanda utakuwa umelowa, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha kileleni. Chupa ya maji ibebeni kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu, na mdomo ukiwa chini hauzibi. Tochi ya kichwani iwemo hata kama mnatarajia kurudi saa 9.

Vilele vya namna hii huwa tambarare na vimejaa miti, na sehemu ya juu kabisa haijitangazi. Zungukeni kidogo, mlinganishe vinundu viwili vitatu, mmalize ubishi. Ila upande wenye uwazi kuweni na adabu. Upepo hujenga ukingo wa theluji unaoning'inia hewani upande wa pili wa mgongo, na kwa aliyesimama juu yake unaonekana kama ardhi ya kawaida. Ukivunjika, huvunjika nyuma zaidi ya unavyodhani. Msiende kuchungulia. Ukungu ukishuka na mbingu na theluji zikawa rangi moja, tengeneza donge la theluji ulirushe mbele hatua chache. Likitua ukaliona, kuna ardhi. Likitoweka, usiende.

Kushuka kwenye theluji laini ni raha: legeza magoti, kanyaga kwa kisigino, acha theluji ikubebe. Kwenye gamba gumu fanya kinyume, uzito uwe katikati ya mguu ili meno yote yaume, na hatua ziwe fupi. Kukata mteremko kwa ubavu juu ya gamba ndiko kunakowaangusha wengi, kwani kiatu kipana hakina makali ya pembeni. Ni bora kushuka moja kwa moja panapowezekana, au kupiga pembe ndefu. Msikae chini na kuteleza mkiwa mmevaa viatu vya theluji. Jino moja likikamata, mguu unabaki na mwili unaendelea. Na mkigundua kwamba mmeshuka mgongo usio wenu, pandeni tena hadi pale mlipokuwa na uhakika. Najua ilivyo vigumu kumwambia mwenzako apande mita 60 saa 8 mchana. Kukata kuvuka bonde ili kuufikia mgongo wenu ndiko kunakoleta ile kesi ya vijito na kuta niliyoieleza.

Mwachie mtu nyumbani njia mliyoichora, mahali gari litakapokuwa, na saa ambayo asipowasikia aanze kupiga simu. Uliza pia kama eneo hilo lina sehemu zilizofungwa kwa ajili ya wanyama, maana mahali pengi hufungwa katika miezi hii.

Haya, viatu. Virefu vya theluji laini vina urefu wa sentimita 75 au zaidi, na kwenye msitu uliobana vitakukwaza kila ukigeuka. Kwa gamba na mwinamo unataka vifupi, sentimita 55 hadi 65, vyenye reli za meno pembeni na si meno ya chini ya kidole peke yake, pamoja na kile kichuma cha kuinua kisigino wakati wa kupanda. Kodi kwanza, usinunue. Baada ya safari moja utajua kama unavitaka. Pesa utakayookoa nunua minyororo midogo yenye meno inayovalishwa juu ya buti, kwa sababu asubuhi ya gamba zuri mtatembea nayo nusu ya safari na viatu vya theluji vitakuwa mgongoni. Na popote uvipatapo, tia mkobani waya laini wa mita mbili, utepe mgumu wa kunatisha na vifungo vichache vya plastiki. Mkanda wa kiatu ukikatika kilomita 4 kutoka barabarani saa 7 mchana, gamba likiwa limekwisha, hivyo ndivyo vitakavyokurudisha.